Saa Kwanza, Mgahawa Baadaye: Jinsi ya Kuchagua Pa Kula Mnaposafiri Mjini na Familia

Ugomvi mwingi wa safari za familia huanzia tumboni. Siku moja tulitoka makumbusho saa 8 na robo mchana. Kitinda mimba wetu alikuwa ameketi chini kwenye ngazi na hataki kunyanyuka, mama mkwe anatafuta ukuta wa kuegemea, na sisi watu wazima wawili tumeinamia simu tukibishana juu ya mgahawa uliosifiwa na kila mtu, ulio mwendo wa dakika 25 kwa miguu. Tukaenda. Tulipofika, viti vilikuwa vimeshapinduliwa juu ya meza na jiko limezimwa mpaka jioni. Mtoto alilala na njaa begani mwangu, na siku ile haikupata raha tena.

Mgahawa haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa letu, kwa sababu tulianza kwa kuuliza wapi kuna chakula kitamu, ilhali swali la kwanza lilipaswa kuwa: watu hawa watashikwa na njaa saa ngapi, na saa hiyo watakuwa wapi? Tangu siku ile napanga safari zetu kwa kufuata swali hilo, na hatua ninazozifuata ndizo hizi. Zinafaa kwa familia yenye watoto, yenye wazee, au yenye wote, inayokwenda kukaa siku kadhaa katika mji isioujua.

Hatua ya 1: Wajue walaji wako

Kabla hujafungua ramani, chukua karatasi uandike jina la kila msafiri. Mbele ya kila jina andika mambo manne: saa alizozoea kula, muda anaoweza kukaa mezani, asichoweza kula, na kile anachokula hata akiwa amenuna. Hilo la nne watu hulidharau, lakini ndilo linalookoa siku. Mtoto wa miaka minne ambaye nyumbani hula wali mtupu na kukataa mboga hatabadilika kwa sababu tu mmevuka mpaka. Ukijua vyakula vitatu asivyovikataa kamwe, tafuta mgahawa wenye angalau kimoja kati ya hivyo, na ninyi wengine mtakuwa huru kujaribu vipya.

Kuhusu muda wa kukaa, sema kweli yako. Mtoto wa miaka miwili au mitatu akikaa kitini kwa utulivu dakika 20 au 30 amejitahidi. Mgahawa unaoleta chakula kwa awamu tano haumfai, hata uwe mzuri namna gani. Mzee anaweza kukaa mezani saa mbili akifurahia mazungumzo, ila stuli isiyo na mgongo itamtesa, na kupanda ngazi kwenda chooni ghorofa ya juu kutamfanya aache kunywa maji siku nzima.

Majina ya wenye maradhi yaandike kwa kalamu nyekundu. Anayetumia insulini haambiwi "vumilia kidogo, tumekaribia". Saa ya mlo wake ndiyo saa ya mlo wa wote. Mwenye shinikizo la damu anahitaji mgahawa unaoweza kupunguza chumvi, yaani unaopika baada ya kupokea oda, kwa sababu chakula kilichopikwa asubuhi kwenye sufuria kubwa hakipunguzwi chumvi. Na mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 hapaswi kupewa asali hata kidogo, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha misuli, ambao utumbo wake haujawa na nguvu ya kuwazuia. Asali hujificha kwenye michuzi, mikate na vyakula vitamu vya kumalizia mlo, kwa hiyo uliza.

Hatua ya 2: Panga saa kabla ya kupanga mahali

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na nakuomba usiharakishe.

Chora mstari mmoja kwa kila siku ya safari. Juu yake weka mambo yasiyosogezeka: tiketi zenye muda maalumu, treni, usingizi wa mchana wa mtoto, dawa. Kisha mtafute mwenye subira ndogo kuliko wote katika familia. Ile saa ambayo kwa kawaida huanza kulalamika, rudi nyuma nusu saa, weka alama. Hiyo ndiyo saa yenu ya kuwa mmeketi mezani, na chakula kimeshaagizwa. Fanya hivyo kwa mchana na kwa jioni.

Baada ya hapo linganisha saa zenu na saa za mji. Hispania, watu wengi huketi kwa chakula cha mchana karibu saa 8, na migahawa mingi haiwashi jiko la jioni kabla ya saa 2 usiku. Familia iliyozoea kula saa 12 jioni itazunguka mtaa mzima ikikuta milango imefungwa. Ufaransa jiko la mchana mara nyingi huacha kupokea oda karibu saa 8, halafu hakuna chakula cha kupikwa mpaka jioni. Katika miji mingi ya Ulaya migahawa hupumzika Jumapili au Jumatatu. Na mkienda nchi yenye Waislamu wengi ndani ya Ramadhani, mchana migahawa mingi huwa kimya, na saa ya kufuturu hakuna kiti kilicho wazi popote kama hukuweka nafasi mapema. Mji una mwendo wake, nanyi ndio mnaoujia, kwa hiyo ujue mwendo huo wiki mbili kabla, ukiwa nyumbani na umetulia.

Saa ya kufunga mlango na saa ya kufunga jiko ni vitu viwili. Mgahawa unaoandika kwamba unafunga saa 4 usiku unaweza kuacha kupokea oda saa 3, au saa 3 na nusu. Mimi nikiona saa ya kufunga kwenye ramani ya simu, natoa saa nzima ndipo naiamini. Sikukuu za kitaifa natafuta tarehe zake kabla sijapanga chochote, maana ramani nyingi haziwahi kurekebishwa kwa siku hizo.

Familia yenye watoto ina nafasi moja nzuri kuliko wasafiri wengine: huwa na njaa mapema. Mkiingia dakika 30 hadi 45 kabla ya wimbi la wenyeji, mnapata meza bila foleni, jiko lina nafasi ya kusikiliza ombi la mtoto, na mhudumu bado ana nguvu za kutabasamu. Nimekula na wanangu katika migahawa ambayo watu walikuwa wakipanga foleni nje wakati sisi tunalipa bili. Pale ambapo jiko la jioni huchelewa mno, pindueni siku: mlo mkubwa uwe mchana, na jioni iwe mkate, matunda, mtindi na chochote cha dukani, mkila chumbani na watoto wamevaa nguo za kulalia. Hakuna mtoto aliyewahi kulalamikia jioni ya namna hiyo.

Hatua ya 3: Amua ni milo mingapi inayohitaji mgahawa

Safari ya siku tano ina milo 15 hivi. Ukijaribu kutafuta migahawa 15 mizuri utachoka kabla ya kuondoka nyumbani, na mkifika mtachoka kukaa mezani. Mimi hutafuta mlo mmoja wa kukaa kwa siku. Kifungua kinywa tunakula tulipofikia, mlo mmoja mwingine unakuwa wa haraka (soko la vyakula, duka la mikate, vyakula vya kubeba tukala bustanini), na mmoja ndio wa mgahawa. Kati ya hiyo mitano, mmoja ni mlo wa kumbukumbu: huo ndio mahali pa kutumia fedha zaidi, kuvaa vizuri, kupiga picha ya wote.

Mlo wa kumbukumbu uwekeni mchana. Migahawa mingi mizuri huuza menyu ya mchana kwa bei ya chini kuliko ya jioni, wapishi wakiwa ni walewale, na watoto bado wako macho. Mlo wa aina hiyo ukiwa usiku, mtoto husinzia kwenye sahani ya pili na mzazi mmoja hula amesimama akimbembeleza nje.

Kwenye fedha, anza na jumla mliyotenga kwa chakula cha safari nzima. Toa moja ya kumi uiweke kando kwa ajili ya maji, aiskrimu na njaa za ghafla, kwani zitakuja. Toa mlo wa kumbukumbu. Kinachobaki kigawe kwa idadi ya siku. Halafu, unaposoma bei za menyu mtandaoni, jua kama bei hiyo ndiyo mtakayolipa. Marekani kodi haimo kwenye bei ya menyu, na bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 hutegemewa juu yake, kwa hiyo bili ya mwisho inaweza kuzidi hesabu yako kwa karibu robo. Ufaransa huduma imo ndani ya bei. Migahawa mingi ya Italia hutoza kila aliyeketi malipo madogo yanayoitwa coperto. Japani bakshishi haitolewi. Migahawa mingine huongeza malipo ya huduma moja kwa moja kwa kundi la watu sita au zaidi, na familia inayosafiri na babu na bibi hufika idadi hiyo upesi.

Neno kuhusu nyota za migahawa, kwa sababu huwapoteza wengi. Kitabu cha mwongozo cha Michelin kilianza mwaka 1900, kikitolewa na kampuni ya matairi ili wenye magari wasafiri zaidi, na nyota zake zilianza kutolewa mwaka 1926. Nyota hiyo hupima chakula kilichomo kwenye sahani. Haikwambii kama kuna kiti kirefu cha mtoto, kama mtoto anakaribishwa, wala kama mlo utachukua saa tatu. Tangu 1997 mwongozo huohuo una alama nyingine, Bib Gourmand, kwa ajili ya mahali penye chakula kizuri kwa bei ya wastani. Ikiwa mji mnaokwenda una orodha hiyo, anzeni na hiyo.

Hatua ya 4: Chora duara la dakika kumi

Sasa fungua ramani. Weka kidole pale mtakapokuwa saa ile mliyoitia alama, kisha chora duara la dakika 10 za mwendo wa mtoto. Hizo ni kama dakika tano zako. Mtoto wa miaka mitatu husimama kila penye njiwa, kila penye dimbwi la maji, na kila penye ngazi mbili za kurukia. Ndani ya duara hilo chagua mgahawa mmoja mkuu na miwili ya akiba. Miwili ya akiba usiiache. Mkuu unaweza kuwa umejaa, umefungwa kwa msiba, au umebadilisha mmiliki mwezi uliopita.

Ndani ya duara, epuka kwanza ile migahawa inayotazamana na lango la kivutio. Mgeni ni kuku mweupe, huonekana kutoka mbali, na mahali panapojaza viti vyake kwa watu ambao hawatarudi tena hapana sababu kubwa ya kuhangaikia ladha. Ingia mtaa wa pili au wa tatu nyuma yake. Huko kuna migahawa inayolisha wafanyakazi wa ofisi na watu wa mtaa uleule kila siku, na mpishi wake akiharibu chakula Jumatatu, Jumanne atawakosa. Hata hivyo, ikiwa mtoto ameshaanza kulia na mvua inanyesha, ingieni hapo langoni bila kujilaumu.

Duara la kwanza kabisa kulichora ni la nyumba mtakayofikia, kwa ajili ya usiku wa kwanza. Ndege huchelewa, mizigo huchelewa, mtoto amelala garini na kuamka vibaya. Usiku ule usitafute maajabu. Tafuta mahali palipo karibu kiasi cha kutembea bila kuuliza njia, panapofunga jiko kwa kuchelewa, na penye chakula chepesi kinachojulikana na wote. Piga picha ya ramani hiyo kwenye simu, au pakua ramani ya mji mzima kwenye Google Maps kabla ya kuondoka, kwa sababu laini ya simu inaweza isiwe imeanza kufanya kazi.

Hatua ya 5: Soma maoni kwa subira

Wastani wa nyota unaopewa na wateja mtandaoni ni mwanzo tu. Mgahawa wenye 4.9 kutoka kwa watu 30 unaweza kuwa umesifiwa na jamaa na marafiki, wenye 4.4 kutoka kwa watu 2,000 umepimwa na umma. Maoni ya kununuliwa yapo, na yameenea kiasi kwamba Marekani ilitunga kanuni ya kuyapiga marufuku, iliyoanza kutumika Oktoba 2024.

Mimi husoma kwa mpangilio huu. Kwanza naweka maoni mapya juu, nasoma ya miezi mitatu ya karibuni, kwa kuwa mpishi akiondoka mgahawa hubadilika hata kama jina limebaki. Kisha naenda kwa waliotoa nyota tatu. Hao mara nyingi ndio wasemao kweli iliyopimwa: "chakula kizuri, lakini tulisubiri dakika 50." Kwa familia, sentensi moja kama hiyo ina thamani kuliko sifa kumi. Mwisho naandika maneno kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya maoni: mtoto, kigari, kiti, mzio, kelele, ngazi, choo. Kama mji unatumia lugha nyingine, natafsiri maneno hayo na kuyatafuta kwa lugha ya wenyeji, na hapo maoni ya wakazi hujitokeza.

Tazama pia picha zilizopigwa na wateja, uziache zile za mgahawa wenyewe. Picha ya mteja inaonyesha ukubwa halisi wa sahani, nafasi kati ya meza na meza, menyu yenye bei, na mara nyingine watoto wa watu wengine wakiwa wametulia kwenye viti vyao.

Hatua ya 6: Angalia usafi, hasa kwa ajili ya wadogo

Tumbo la mtoto halina ustahimilivu wa tumbo lako. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kilichochafuliwa, na kwamba watoto walio chini ya miaka mitano hubeba asilimia 40 ya mzigo wa maradhi hayo. Likizo ya siku nne ikiingiliwa na kuhara kwa siku mbili, hakuna kilichobaki.

Miji kadhaa hurahisisha kazi hii. New York, tangu 2010, kila mgahawa hubandika mlangoni herufi ya ukaguzi wa afya: A ndiyo nzuri kuliko zote, kisha B na C. Uingereza, isipokuwa Uskoti, kuna alama za 0 hadi 5, na 5 ndiyo nzuri kuliko zote. Huko Wales na Ireland ya Kaskazini sheria inataka alama ionekane mlangoni, lakini England mgahawa haulazimiki kuibandika, kwa hiyo itafute mtandaoni. Angalia kama mji wenu una utaratibu wa aina hii.

Pasipo na alama, tumia macho na kanuni ya joto. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi au kipozwe chini ya nyuzi 5, na kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Kati ya viwango hivyo viwili, bakteria huongezeka upesi. Kwa hiyo chakula cha moto kinapaswa kukufikia kikitoa mvuke, na saladi ikiwa baridi kweli. Meza za kujipakulia, ambazo huvutia familia kwa sababu kila mtu anapata akipendacho, zichunguze: fika pale chakula kinapotolewa mara ya kwanza, na chochote kilicho vuguvugu kiache. Mahali ambapo maji ya bomba hayanyweki, barafu ya kwenye juisi nayo ni maji yaleyale.

Hatua ya 7: Piga simu, na kama kuna mzio piga simu mara mbili

Kuuliza si ujinga. Kwa mgahawa wa mlo wa kumbukumbu, na kwa wowote mtakaokwenda mkiwa zaidi ya wanne, piga simu au andika ujumbe. Uliza kama wana viti virefu vya watoto na ni vingapi (kuna migahawa yenye kimoja tu), kama kigari cha mtoto au kiti cha magurudumu kinapita mlangoni, choo kiko ghorofa gani, jiko linafunga saa ngapi, na kama wanatoza mkichelewa au msipofika. Sikiliza pia namna unavyojibiwa. Anayekujibu kwa kukunja sauti kwenye simu ulipotaja watoto wawili atawakunjia uso mezani.

Mzio ni jambo zito, na hapa sina ulegevu. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, zinautaka kila mgahawa uweze kumwambia mteja kama chakula kina chochote kati ya viambato 14 vilivyoorodheshwa, vikiwemo karanga, maziwa, mayai, samaki, soya, ufuta na nafaka zenye gluteni. Marekani orodha ya sheria ya shirikisho ina viambato tisa, ufuta ukiwa umeanza kuhesabiwa humo mwaka 2023, lakini sheria hiyo inahusu lebo za vyakula vilivyofungashwa, hivyo usitegemee menyu ya mgahawa ikwambie kila kitu.

Popote mnapokwenda, swali la kama chakula kina karanga halitoshi. Uliza kama kinakaangwa kwenye mafuta yaleyale yaliyokaangia chenye karanga, na kama ubao na kisu ni vilevile. Mhudumu akijibu haraka mno bila kwenda jikoni, mwombe kwa heshima aende. Andaa kadi yenye sentensi fupi kwa lugha ya wenyeji: mtoto huyu ana mzio wa kitu fulani, hata kidogo kinaweza kumuua, tafadhali mpe mpishi asome. Mwombe mtu anayeijua lugha hiyo aipitie, kwa sababu programu ya kutafsiri inaweza kukosea neno moja lililo muhimu. Mwenye kuandikiwa sindano ya adrenalini abebe mbili, nazo zikae mezani pamoja naye. Zilizoachwa hotelini hazipo. Na kama jikoni wamesita, ondokeni, mkashukuru kwamba wamesema kweli.

Hatua ya 8: Mlangoni, jipe dakika mbili

Mmefika. Kabla hamjaketi, mtu mzima mmoja aingie peke yake. Nusa: mafuta yaliyochoka yana harufu ya uchungu inayokwama kooni. Tazama menyu: ikiwa na kurasa nyingi na vyakula vya nchi sita, jiko dogo haliwezi kuvipika vyote vikiwa vipya. Tazama meza: je, kuna familia nyingine? Je, watu walioketi wana chakula mbele yao, au wote wanasubiri? Ukikuta meza nane zimejaa na sahani hakuna, jiko limeelemewa, na mwanao hatasubiri. Choo kinasema mengi pia.

Kelele kidogo ni rafiki wa familia, kwani hufunika za kwenu. Omba meza ya pembeni yenye ukuta nyuma, mbali na mlango wa jikoni ambapo supu na chai ya moto hupita juu ya vichwa vya watoto.

Hatua ya 9: Mezani

Chakula cha mtoto kiagizwe papo hapo mnapoketi, kabla wakubwa hawajasoma menyu. Mwulize mhudumu kipi hutoka jikoni upesi. Agizeni sahani pungufu kwa moja kuliko idadi yenu mkagawane, halafu muongeze mkiona haja. Zabibu nzima na nyanya ndogo za mviringo zikateni kwa urefu kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, na karanga nzima asipewe, kwa sababu hukaba koo. Bili iombeni sahani ya mwisho ya watu wazima inapofika, maana kati ya kuomba na kulipa ndipo watoto huishiwa subira.

Begi la mama au baba liwe na maji, biskuti au ndizi, tishu zenye maji, kijiko kidogo, fulana ya akiba, karatasi na kalamu za rangi. Biskuti hizo zigawe kwa uchoyo: mbili tu wakati wa kusubiri, ili tumbo litulie bila kushiba.

Mtoto aliyetimiza miaka sita hivi mpe mlo mmoja wa safari auchague yeye, kati ya migahawa mitatu uliyokwisha kuichuja. Binti yangu alichagua mahali kwa sababu ya samaki aliyechorwa mlangoni. Alikula kila kilicholetwa, pamoja na mboga ambazo nyumbani huzihamishia kwenye sahani ya kaka yake.

Na mkipata mahali palipowapenda, ambapo mhudumu alikumbuka jina la mtoto na bibi alipata kiti chenye mto, rudini palepale. Zamani niliona kurudi ni kupoteza nafasi ya kuonja kwingine. Sasa usiku wa mwisho wa safari siutafutii mgahawa mpya. Watoto wameshajua meza yao iko wapi, wanaagiza wenyewe, na sisi wakubwa tunapata kula chakula chetu kikiwa bado cha moto.